Andika "Imejazwa": hotuba kwa wenye steshenari na mafundi wa printa, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, wenye steshenari, mafundi wenzangu, na nyie wanafunzi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna soda. Shikamooni wakubwa. Wadogo, salamu zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Kwenye kadi ya mwaliko mada yangu imeandikwa "Umuhimu wa Teknolojia Rafiki kwa Mazingira katika Sekta ya Uchapaji." Nimeisoma mara tatu nikijiuliza kama aliyealikwa ni mimi au wamekosea mtu. Mimi najaza wino. Kazi hiyo nimeifanya miaka 17 hapa hapa mjini, vidole vyangu mnaviona, sabuni ilishavikatia tamaa. Kwa hiyo nitaongea habari za kujaza wino, na mazingira tukikutana nayo njiani tutayasalimia.

Hii niliyoshika ni katriji, kile kikasha cha wino kinachoingia ndani ya printa. Ni nyeusi ya HP 305. Ndogo, inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kiwandani waliiwekea mililita 2 za wino. Mbili. Kijiko cha chai kinabeba 5. Kwa mililita hizo mbili unaahidiwa kurasa kama 120. Hii nyingine ni chupa ya Epson namba 103, ile ya printa za tangi. Mililita 65, kurasa 4,500. Wale wa hesabu, gawanyeni. Mtakuta wino unaotumika kwenye ukurasa mmoja unakaribiana pande zote mbili. Printa ya katriji hailewi wino kuliko mwenzake. Chupa moja ina wino wa katriji 32 na unabaki.

Basi anayenunua katriji 32 ananunua nini? Ananunua plastiki 32, sponji 32, vichwa 32 vya kuchapia, maboksi 32, na vyote hivyo anavitupa mara 32. Wino ndio kitu kidogo kuliko vyote alivyolipia.

Na hapo ndipo kazi yetu ilipozaliwa. Haikuzaliwa kwa sababu Mswahili anapenda rahisi, kama tunavyosemwa. Ilizaliwa kwa sababu mtu alitazama katriji iliyokwisha wino, akaigeuza, akaona kilichokwisha ni kile cha bei ndogo, na kilichobaki kizima ni kile cha bei kubwa.

Niwaeleze kidogo kilichobaki kizima, maana kuna mafundi humu wanajaza katriji miaka mingi bila kujua wanajaza nini. Chini hapa, kwenye hii bati ndogo ya dhahabu, kuna matundu ambayo jicho haliyaoni. Ndani ya kila tundu kuna kipande cha kupasha moto. Umeme ukipita, wino uliokigusa unachemka ghafla, linatokea povu moja, povu linasukuma tone nje, halafu linazimika, na wino mwingine unavutwa kuziba nafasi. Hayo yote hutokea maelfu ya mara kwa sekunde. Umebeba jiko mkononi, ndugu yangu.

Ugunduzi wenyewe una kisa ninachokipenda. Mwaka 1977, kwenye maabara ya Canon huko Japani, mtafiti Ichiro Endo chuma chake cha kulehemu kilichokuwa cha moto kiligusa bahati mbaya sindano iliyokuwa na wino. Wino ukaruka. Watu wa HP kule Marekani nao walifikia wazo hilo hilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa printa yao ya kwanza ya aina hiyo, ThinkJet. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba wewe ni fundi wa sindano, mwambie hata kiwanda kilianzia kwenye sindano.

Sasa ukishajua kwamba lile ni jiko, utajua pia kwa nini katriji nyingi zinakufa. Sufuria ikikauka juu ya moto unajua kinachofuata. Mteja anaona maandishi yamefifia, anaendelea kuprinti. Anaona mistari myeupe, anaendelea. Anaitoa, anaitikisa kama dawa ya kikohozi, anairudisha, anaendelea. Anapokuja kwako vile vipasha moto vimeshaungua, na wewe unamwaga wino mzuri kwenye maiti. Halafu anasema fundi mbovu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja, kabla hujashika sindano, ni hili: iliacha kutoa lini, na uliendelea kuchapa kwa muda gani? Akisema imekaa droo tangu mwezi wa ramadhani, mwambie ukweli, irudishe droo.

Epson ni kitu kingine. Kichwa chao hakichemshi. Kina kijiwe kinachojikunja umeme ukipita, kinabana wino utoke, na kichwa hicho hubaki ndani ya printa, hakitupwi na katriji. Ni uzuri na ni msiba. Kikiziba kwa wino mchafu, hujaharibu katriji ya mteja, umemuharibia printa.

Mimi nimeharibu. Siwezi kusimama hapa nikajifanya malaika wa wino.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na chupa moja tu ya wino mweusi, ninajazia kila kitu. Sikujua kwamba kuna wino wa pigmenti, wenye chembe zinazokaa juu ya karatasi, na kuna wino wa kuyeyuka, unaoingia kwenye karatasi kama chai kwenye mkate. Katriji nyingi za HP za nyumbani, nyeusi ni ya pigmenti na ile ya rangi tatu ni ya kuyeyuka. Mimi nikaweka wa kuyeyuka kwenye nyeusi. Ukiutazama umekauka, maridadi kabisa, mweusi unang'aa. Mwanafunzi mmoja wa chuo akachapa tasnifu yake yote kwa katriji ile, akaibeba kifuani kwenda kuikabidhi, na ilikuwa masika. Mvua ya Uluguru haipigi hodi. Aliporudi kwangu jina la msimamizi wake lilikuwa ziwa. Nilimchapia upya kwa fedha yangu, nakala nne, nikalala bila kula, na nikajifunza tofauti ya wino.

Lakini lililonibadilisha lilikuwa jingine, na ndilo hasa nililokuja kulisema.

Ilikuwa tona. Tona, kwa wageni wa fani, siyo wino. Ni unga laini wa plastiki. Printa ya leza inaupanga unga kwenye karatasi kwa umeme tuli, kisha inaupitisha kwenye rola la moto unayeyuka na kushika. Kila mashine ina moto wake, na unga wake unaoyeyuka kwa moto huo. Ukiweka unga wa mashine ya moto mkali kwenye mashine ya moto mdogo, karatasi inatoka inapendeza, lakini unga umekaa tu juu, haujashika. Kama poda usoni.

Mwalimu mkuu wa shule moja alikuja kununua tona ya 12A. Zile za LaserJet 1020, mnazijua, printa isiyokufa, nadhani tutazirithisha. Nikampa. Akachapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Baada ya siku mbili akarudi, na hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alifungua bahasha, akatoa karatasi ya mtihani, akaiweka juu ya kaunta, akapitisha kidole juu ya swali la tatu. Swali likaondoka.

Akaniuliza, "Fundi, ile uliniuzia mpya au ulinijazia?"

Ndugu zangu, sikuwa nimemdanganya kwa mdomo. Alisema naomba tona, nikampa tona. Ilikuwa kwenye boksi. Bei ilikuwa ya katikati, siyo ya mpya, siyo ya kujaza, ile bei inayomwacha mtu adhani amepunguziwa. Yeye hakuuliza na mimi sikusema. Ukimya wangu ulifanya kazi yote ya uongo, mimi nikabaki na mikono misafi. Misafi kwa namna ya kusema.

Tangu siku ile kila katriji inayotoka kwangu nimeiandika kwa maka peni, kwenye plastiki yenyewe siyo kwenye boksi: IMEJAZWA. Chini yake tarehe, chini yake ni mara ya ngapi, chini yake aina ya unga au wino. Herufi kubwa. Mteja akiitoa kwenye printa miezi sita baadaye, anaiona. Fundi mwingine akiifungua, anajua nani wa kumlaumu.

Mtaniuliza, wateja hawakukimbia? Walikimbia! Mwezi wa kwanza nilidhani nimejiroga mwenyewe. Neno "imejazwa" lilikuwa kama "mgonjwa". Mtu anaisoma, anairudisha kaunta, anavuka barabara kwenda kununua ile ile kwa jirani, isiyoandikwa, na ninajua ni ile ile kwa sababu jirani nilimjazia mimi. Dada pale nyuma anacheka, anajua namsema nani.

Na kulikuwa na ofisi moja, siitaji, nilikuwa nawapelekea tona kila mwezi. Mtu wa manunuzi pale akaniita pembeni. Akasema mambo ya maandishi ya nini, wewe weka kwenye boksi jipya, mimi nitakuletea maboksi, kwenye risiti andika "original", bei weka ya mpya, tutaelewana. Nisiwaongopee kwamba nilikataa palepale kwa sauti ya nabii. Nilikaa siku mbili. Ada ya mtoto ilikuwa inakaribia. Kilichonirudisha siyo ushujaa, ni lile swali la tatu lililoondoka na kidole. Nikakataa, nikaipoteza ile kazi, na sijapata nyingine kubwa kama ile mpaka leo. Nawaambia ili anayetaka kuandika ajue kuna gharama.

Wenye kufikiri huniuliza swali gumu zaidi: hivi kazi yenyewe ni halali? Si tunaingilia mali ya kampuni?

Tuanze na soda hizi mlizoshika. Zile za chupa ya kioo. Ukinunua soda dukani kwa Mangi, umenunua kilichomo ndani. Chupa siyo yako, ndiyo maana unaulizwa "una chupa?", na kama huna unaacha hela. Wote tunaelewa mkataba huo, hata mtoto wa darasa la pili anayetumwa. Mtungi wa gesi nao unarudishwa kwa mwenyewe, na tena ukijazwa kienyeji unalipuka, hapo sibishani. Lakini katriji? Siku uliponunua nani alikuuliza "una katriji tupu?" Hukuacha rehani. Hukuambiwa irudishe. Umenunua kilichomo na chombo chake, umelipa vyote, umekwenda navyo nyumbani.

Kuna kampuni iliyojaribu kuifanya katriji iwe chupa ya soda bila kuiita chupa ya soda. Ni Lexmark, ya Lexington, Kentucky, Marekani. Walikuwa wanauza tona kwa namna mbili. Moja kwa bei kamili, fanya utakavyo. Nyingine kwa punguzo la kama asilimia 20, kwa sharti kwamba utumie mara moja tu, na ikiisha usimpe mtu mwingine yeyote ila Lexmark wenyewe. Na ndani wakaweka chipu ya kuhakikisha. Mafundi wenzetu wa kule, kampuni ndogo iitwayo Impression Products ya West Virginia ikiwa mmoja wao, wakawa wananunua zile tupu, wanashinda chipu, wanajaza, wanauza. Lexmark ikawashitaki kwa kuvunja hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya kitu alichokibuni.

Wengi walioshitakiwa walipatana na Lexmark wakaondoka. Impression Products wakabaki. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Mei 2017 hukumu ikatoka. Aliyeiandika ni Jaji Mkuu John Roberts mwenyewe. Kwa ufupi alisema hivi: ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu ya kitu kile imekwisha. Masharti uliyoyabandika yanaweza kuwa mkataba kati yako na uliyemuuzia, lakini huwezi kuyageuza kuwa mnyororo unaofuata kitu kwa kila atakayekishika. Na mfano alioutoa ungedhani ameutoa hapa Msamvu. Alisema tazameni gereji inayotengeneza magari yaliyotumika na kuyauza. Gereji ile inaishi kwa sababu aliyeleta gari ni lake. Kama kila aliyetengeneza kipuri angebaki na kamba ya kumfunga fundi, biashara ingekwama.

Na majaji wakaongeza kwamba hata kitu kikiuzwa nje ya Marekani, haki imekwisha vilevile. Hapo Jaji Ruth Bader Ginsburg hakukubaliana na wenzake. Sisi wa mitumba tunaelewa uzito wa hoja hiyo bila wakili.

Sheria ya Marekani haitufungi huku, sitaki mtu aende mahakamani Morogoro akimtaja Roberts. Nimeileta kwa sababu kuna watu wanadhani kujaza katriji ni wizi mdogo unaovumiliwa kwa sababu ya umaskini wetu. Kumbe kwenye nchi ya wenye kampuni wenyewe swali hilo limepelekwa mpaka juu, na fundi akashinda. Lakini tazameni alishindaje. Mahakamani hakuna aliyedai kwamba Impression Products walikuwa wanadanganya wateja kuwa zile ni mpya. Wao wenyewe walisema ndiyo, tunajaza. Msimamo huo hauwezekani kwa mtu anayenyamaza.

Hiyo ya chipu nayo ina historia yake ndefu. Lexmark hao hao walikuwa wameshaishitaki kampuni nyingine mwaka 2002, Static Control ya North Carolina, iliyokuwa inatengeneza chipu za kuwasaidia wajazaji. Ugomvi ulikuwa juu ya programu ndogo iliyomo ndani ya chipu, fupi kuliko baiti 60. Baiti moja ni kama herufi moja, kwa hiyo meseji ya kawaida ya simu inaweza kuizidi urefu. Mwaka 2004 mahakama ya rufani ikakataa hoja ya Lexmark.

Na Septemba 13, 2016, watu dunia nzima wenye aina fulani za printa za HP OfficeJet waliamka wakakuta katriji zilizofanya kazi jana leo zinakataliwa. Printa inasema katriji ina hitilafu. Katriji haikuwa na hitilafu. Ilikuwa ni programu ya ndani ya printa, iliyoingizwa kabla kimyakimya, ikisubiri tarehe. Kelele zikapigwa, kampuni ikaomba radhi, ikatoa programu ya kuondoa lile fungio kwa anayetaka, lakini mtindo wenyewe haukuachwa. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaipiga HP faini ya euro milioni 10. Na moja ya makosa makubwa ilikuwa nini? Kutowaambia wanunuzi waziwazi, siku ya kununua, kwamba printa hii itakataa katriji zisizo zao.

Kunyamaza! Ndugu zangu, mimi nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu dukani. Kampuni kubwa vile na mimi wa swali la tatu, tulikamatwa kwa kosa moja.

Sisemi kampuni haina haki. Ina haki ya kusema "hii siyo yetu, dhamana yetu haihusiki ikikuharibia." Hiyo ni haki na ni kweli. Haina haki ya kuingia kwenye printa iliyo mezani kwangu na kuzima kitu nilichokilipia. Na utani wa mwisho Mungu alitupa Januari 2022. Chipu zilikuwa adimu duniani, Canon wakakosa za kuweka kwenye tona zao wenyewe. Tona zao halisi zikawa zinakataliwa na printa zao halisi. Ikabidi Canon, kule Ujerumani, wawaelekeze wateja namna ya kulipuuza lile onyo. Darasa ambalo sisi tunalitoa bure kaunta.

Kijana mmoja ameniletea kikaratasi: "Je, printa za tangi hazitaua kazi yako?" Zimeiua nusu, mwanangu. Na zilianza kwa wenzetu. Indonesia mafundi walikuwa wanatoboa printa za kawaida, wanaunganisha mipira midogo kutoka kwenye chupa za wino pembeni, printa inanyonya yenyewe mchana kutwa. Waliziita printa za infusi, kwa sababu zinafanana kabisa na mgonjwa aliyewekewa dripu. Hata hapa tulizifunga, mimi mwenyewe nilizifunga nyingi, na mipira ile ilipojikunja ukutani wino ulitiririka kwenye nyumba za watu, tuliache hilo. Epson waliona soko lile, na mwaka 2010 wakaanza kuuza huko huko Indonesia printa yenye tangi iliyotoka kiwandani. Miaka iliyofuata ikaenea, na Canon, HP na Brother wakafuata. Fundi wa mtaani alikifundisha kiwanda. Hakulipwa, lakini alikifundisha. Mimi mteja akiniuliza anunue ipi kwa steshenari inayochapa kila siku, namwambia ya tangi, najua najikata mguu. Leza za tona bado zipo, na tona bado zinakwisha.

Sasa nirudi kwenye hili linaloniuma. Kuna watu wanapita kwenye ofisi na steshenari zetu wananunua katriji tupu. Wanalipa vizuri kwa tona halisi ya HP au Canon, na wanalipa zaidi kama ipo na boksi lake, zaidi tena kama boksi halijachanika na kile kibandiko cha usalama ni kizima. Jiulizeni. Fundi mwaminifu boksi la nini? Mimi tona naifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, kwa sababu ile dramu, lile rola la kijani au la bluu ndani yake, inaogopa mwanga, boksi sina haja nalo. Anayelilia boksi anataka kuuza zilizojazwa kama mpya. Anapitisha sindano, au anatoboa tundu kwa chuma cha moto, anamwaga unga wa bei ya chini, taka za unga wa zamani hazitoi, tundu analiziba na gundi, anaingiza kwenye boksi lako ulilomuuzia, na wiki ijayo linaweza kurudi dukani kwako wewe mwenyewe kama mzigo mpya kutoka Kariakoo.

Hiyo siyo kujaza. Hiyo ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, inao uwezo wa kukamata mzigo huo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wakija, hawamkuti yule mpita njia mwenye begi. Wanakukuta wewe kwenye kaunta yako. Kwa hiyo nawaomba jambo dogo la leo leo: boksi likiisha kazi, lichane. Kibandiko kipasue katikati. Tupu uza, siwakatazi, ni mali yenu, tumeshasema. Boksi chana.

Kwa tona nina maneno machache kwa vijana wanaojifunza. Usitoboe. Fungua. Toa pini, tenganisha pande mbili, upande wa taka umwage kila mara, maana ukiujaza unga mpya na taka zimejaa, zitafurika na kupiga mistari myeusi kwenye cheti cha ubatizo cha mtu. Tazama ule mpira wa kufuta na dramu, vikiwa vimechakaa badilisha au kataa kazi. Usipulize kwa mdomo, usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, unga ule ni mlaini unapita kwenye chujio na unaweza kushika moto. Vaa barakoa, zilibaki nyingi kila nyumba. Na shati likichafuka lifue kwa maji baridi. Ya moto yatauyeyusha unga na utakuwa umejichapa.

Mazingira, nilisema tukikutana nayo tutasalimia. Katriji ya wino yenye kichwa chake mimi siijazi zaidi ya mara tano au sita, baada ya hapo najidanganya na kumdanganya mteja. Maana yake ni kwamba kujaza kunachelewesha taka, hakuziondoi. Nina magunia mawili ya katriji zilizokufa nyuma ya duka, na mke wangu ameshauliza mara nyingi ni urithi wa nani. Kuzichoma sitaki, kuzipeleka dampo roho inasita. Tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Jirani zetu Rwanda wana kiwanda kizima cha kuzichambua taka hizo huko Bugesera. Gunia langu moja halimvutii mchambuzi yeyote kusafiri mpaka Morogoro. Magunia ya steshenari zote zilizomo ukumbini huenda yakamvuta. Mwenyekiti, hilo lichukue kwenye kikao, mimi chumba cha kuyahifadhi kwa kuanzia ninacho, mke wangu asiambiwe leo.

Naona dakika zangu zimekwisha na soda zimeanza kupata joto. Pale mezani nimeweka 12A mbili, moja nzima na moja iliyotobolewa na mtu asiyejulikana, tutazifungua zote mbili mbele yenu muone tofauti. Aliyekuja na katriji yake tupu aje nayo, nitamjazia bure, ila nitaiandika. Nilitoka nyumbani na maka peni mbili, moja imekauka na nyingine siioni. Ukumbi mzima wa wenye steshenari, jamani, kweli hakuna aliyekuja na maka peni?